Upande wa Kushoto

Lodwar,
12 Agosti 2012

Dada yangu Jelagat,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wagonjwa wako huko Kakuma. Sisi hapa tuko salama. Salina anakusalimu; bado anauza mandazi pale Nawoitorong, na goti lake limepoa. Binti yetu Chepkorir ameingia mwaka wa pili chuo cha ualimu. Mama alipiga simu Jumapili kutoka Kabiyet, akasema ng'ombe mweusi amezaa na wewe hujampigia tangu Juni. Mpigie.

Najua utacheka kwamba naandika barua na simu iko mfukoni. Lakini kwenye simu unaniuliza "uko sawa?", nasema "niko sawa", halafu salio linakwisha. Tena huyu dereva wa lori la mahindi anapita Kakuma kila wiki mbili, na barua haimlemei.

Jambo lenyewe ni hili. Unaikumbuka bunduki ya upepo niliyoachiwa na yule Mholanzi wa visima, tukahamisha leseni ikawa kwa jina langu? Kila Jumamosi nikishaegesha lori la maji, nachukua makopo matupu, naenda kuyapanga kwenye mchanga wa mto Kawalase. Nilianza na mita ishirini. Sasa napiga mita sabini. Wewe unajua Jumamosi zangu zilivyokuwa kabla ya bunduki hiyo, na nilikuwa nikiokotwa wapi nikiwa nimelewa. Salina husema yule Mholanzi alichimba visima arobaini Turkana, na cha arobaini na moja kilikuwa mimi.

Desemba kuna mashindano Nakuru, ya shabaha za mbali kwa bunduki za upepo. Nimejiandikisha. Shida ni darubini. Hii niliyo nayo imechakaa, pembeni kuna giza. Uliwahi kuniambia kuna Mdinka kambini anayetengeneza kamera na darubini. Mwulize ipi inafaa mita sabini mpaka mia. Mimi nataka ile kubwa kabisa, inayovuta mara ishirini na nne.

Ni mimi kakako,
Kipngeno


Kakuma,
2 Septemba 2012

Kaka Kipngeno,

Barua yako ilifika na madoa ya dizeli, lakini inasomeka. Mimi ni mzima. Mama nimempigia, amenisuta kwa dakika nne halafu akaniombea. Huku watu bado wanaingia kutoka Jonglei, na wodi ya akina mama haina kitanda hata kimoja kitupu. Nikitoka kazini miguu yangu haiwi yangu.

Mtu wako anaitwa Wol. Nilimkuta kibandani kwake, amefungua redio ya mtu. Nilipotaja darubini ya bunduki alifunga uso. "Sister, mimi niliacha hiyo maneno kule Bor." Nikamwambia ni bunduki ya upepo, ya kupiga makopo. Akacheka; sijawahi kumwona akicheka. "Kopo ni adui mzuri," akasema, na akavuta kiti.

Haya ndiyo maneno yake. Usinunue darubini ya bunduki kubwa. Hizo zimetengenezwa kuona sawasawa kuanzia mita mia, na karibu zaidi ya hapo ile alama ya msalaba huelea, ukisogeza kichwa kidogo tu nayo inahama. Tafuta yenye pete ya kurekebisha umbali. Kama bunduki yako ni ya springi, inapiga teke mara mbili, kwanza nyuma halafu mbele, na hilo teke la mbele huvunja vioo ambavyo havikuandaliwa kwa ajili yake. Iwe na vitone chini ya msalaba, kwa kuwa risasi ya upepo huanguka sana njiani. Na mara ishirini na nne uiache. Kwa joto la Lodwar utakuwa unavuta mvuke wa ardhi tu, kopo likicheza kama liko ndani ya maji. Mara kumi na mbili inatosha.

Kisha akauliza: "Hiyo giza iko pande zote, ama upande moja? Kama ni pande zote, jicho yake iko karibu sana ama mbali sana. Kama ni upande moja, hiyo ni kitu ingine. Na ampe mtu mwingine aangalie." Nijibu.

Dadako,
Jelagat


Lodwar,
30 Septemba 2012

Dada,

Ejok, kama wasalimiavyo Waturkana. Hapa ni vumbi tu, tangu asubuhi mpaka jioni. Salina ana mafua, Chepkorir anakusalimu.

Mwambie Wol namshukuru, anaijua kazi yake. Ndiyo, bunduki ni ya springi, ile ya kukunja mtutu. Mara kumi na mbili nimekubali.

Kuhusu giza: liko upande mmoja, kushoto. Nimesogeza jicho mbele na nyuma, halibadiliki. Nililegeza skrubu nikaizungusha darubini yote, juu ikawa chini, na giza likabaki palepale kushoto. Ajabu ya kioo hicho! Nilimpa utingo wangu Lomunokol aangalie. Akasema anaona kila kitu, mpaka nzi aliyetua juu ya kopo. Lakini Lomunokol ni wa kubishana tu. Yeye huona nzi hata mahali hakuna.

Habari nyingine ni ndogo. Juma lililopita nilikanyaga mbuzi wawili njia ya Lokori. Walitokea kushoto ghafla. Tuliongea na mwenyewe, yakaisha. Na kile kioo cha pembeni cha lori kilivunjikia kwenye geti la ofisi. Lori limezeeka kama dereva wake.

Agizeni basi, Desemba haiko mbali.

Kipngeno


Kakuma,
21 Oktoba 2012

Kaka yangu,

Salamu kwa Salina na Chepkorir. Mimi ni mzima. Mto Tarach ulifurika ukakata barabara, lakini nisisingizie mto. Nilikaa na barua yako siku tisa kabla sijashika kalamu.

Nilimsomea Wol ile sehemu ya kuzungusha darubini. Aliweka bisibisi chini. "Kioo ikizunguka na giza haizunguki," akasema, "giza haiko kwa kioo."

Unakumbuka Baba alivyokuwa akigeuza shingo kama kuku ili akuone? Kabla ya hapo, kwa miaka miwili, alikuwa akilalamika kwamba ng'ombe wanamjia ghafla. Ghafla. Neno hilohilo umeliandika wewe kuhusu mbuzi. Baba alimshuku jirani, akaacha kumsalimu mpaka anakufa. Haukuwa uchawi. Ilikuwa presha ya macho. Haiumi. Inakula pembeni kwanza na kuacha katikati, kwa hiyo mtu anasoma gazeti na kulenga kopo na kujiona mzima. Kilicholiwa hakirudi, kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa. Na inatembea kwenye damu ya ukoo.

Wol hataagiza darubini. Alisema hana ya kukufaa.

Nenda kliniki ya macho. Na lori uliache, kaka. Nakuomba kama mdogo wako aliyebebwa mgongoni mwako. Kuna mengine ningekuambia, lakini tukionana.

Jelagat


Lodwar,
9 Desemba 2012

Jelagat,

Salamu zako zimefika. Salina ni mzima.

Sikujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Nimekuomba darubini, umenifukulia kaburi la Baba. Nimeagiza mwenyewe kwa basi la Kitale, ile kubwa, mara ishirini na nne. Nakuru sikwenda, kazi ilikuwa nyingi.

Nimebakiza miezi kumi na sita nistaafu. Miaka ishirini na tisa nimeendesha magari ya serikali bila kumgusa mtu. Unajua anavyofanywa dereva akiandikwa kwamba haoni? Anakabidhiwa fagio. Nitamwambia nini Chepkorir?

Usiandike tena habari ya macho. Na usimwambie Salina.

Kipngeno


Kakuma,
6 Januari 2013

Kaka,

Heri ya mwaka mpya. Mama alikula Krismasi vizuri, aliuliza kwa nini hukumpigia, nikasema uko safarini.

Salina alinipigia mwenyewe. Hakujua ananiambia nini, alitaka tu mtu wa kumlilia. Kwamba bunduki imeegemea ukutani tangu Novemba na hiyo darubini yako mpya haijatoka ndani ya boksi. Kwamba Jumamosi umerudi ulikokuwa. Kwamba unamimina chai nje ya kikombe na kumgombeza yeye.

Sasa nisikie, maana nami nina langu. Mei mwaka jana timu ya macho ilikuja kupima wakimbizi, jioni wakatupima na sisi wafanyakazi. Presha yangu iko juu, macho yote mawili. Natia matone asubuhi na jioni. Daktari alisema, "Waambie ndugu zako wote wapimwe." Ndugu zangu wote ni wewe. Sikukuambia. Niliona aibu, nesi augue kama watu wa kawaida! Nikajiambia nitasema nikija likizo. Likizo sikuja. Agosti ulipoandika "pembeni kuna giza" nilijua kwenye mstari huohuo, na bado nilikwenda kwa Wol kuuliza habari za vioo, nikitumaini ni kioo.

Basi sina mdomo wa kukuhukumu. Lakini wewe unaendesha tani kumi za maji. Mwisho wa Februari ukifika bila kwenda kliniki, nitamwandikia mkuu wako.

Jelagat


Lodwar,
17 Februari 2013

Dada,

Nimekwenda.

Daktari ni mtu mpole. Alinifunika jicho la kulia, akanyoosha mkono upande wa kushoto, akasema nimwambie nikiona vidole vikicheza. Nikangoja. Nikamwuliza, "Utaanza saa ngapi, daktari?" Akasema, "Mzee, nimechezesha kitambo."

Jicho la kushoto limebaki na kitundu. La kulia limeliwa upande wa puani. Kwa hiyo kushoto kwangu hakuna kitu, Jelagat. Ule weusi hata si weusi. Ni kama nyuma ya kichwa chako. Huoni giza huko, huoni tu. Amenipa matone. Ameniambia nisiendeshe.

Mei. Ulijua tangu Mei. Hapo sitaandika zaidi.

Usimwandikie mkuu. Kiangazi kimekaza, vijiji vya upande wa Kalokol vinangoja maji, na dereva mwenzangu anaugua. Machi ikiisha nakabidhi funguo na kuomba kustaafu kwa ugonjwa, nitoke kwa heshima yangu. Lomunokol nimemwambia. Anakaa kushoto kwangu, yeye ndiye jicho. "Mtu kushoto, mzee. Ngamia kushoto, mzee." Tunakwenda polepole.

Niachie Machi tu.

Kipngeno


Kakuma,
3 Machi 2013

Kaka,

Kesho ni uchaguzi, mji umetulia na maduka mengi yamefungwa. Mimi ni mzima.

Nakupa Machi. Neno hilo nimeliandika mara tatu na kulifuta.

Tia matone kila siku. Nenda polepole.

Jelagat


Lodwar,
14 Aprili 2013

Dada,

Najua Salina alikupigia, na najua mimi nilikata uliponipigia. Nitaandika.

Ilikuwa Alhamisi tarehe 21 Machi, saa nne asubuhi. Tulikuwa tumemwaga maji Kalokol, tunarudi. Mfuniko wa tangi ulikuwa unagonga, Lomunokol akasema acha nipande juu niukaze, wewe nenda tu pole. Nikaenda pole. Barabara ilikuwa nyeupe mbele yangu, haina mtu. Nilisikia kishindo kimoja, si kikubwa, nikadhani ni jiwe. Kisha Lomunokol akaanza kupiga paa kwa mikono miwili.

Niliposhuka niliona samaki wakavu wametapakaa, na kapu, na mwanamke. Anaitwa Aregae. Alikuwa ametoka Ferguson's Gulf, kule ziwani, anatembea kwenda kituoni kungoja gari. Tulimpakia mbele. Alisema kitu kwa Kiturkana, nikamwuliza Lomunokol, amesema nini? "Anauliza samaki iko wapi." Hakufika kituo cha afya.

Polisi walipokuja Lomunokol alinitangulia kusema. "Mama aliruka barabara, afande. Ghafla. Mzee hangeweza kitu." Sikumtuma. Lakini nilikuwa nimesimama hapo, na sikufungua mdomo. Wakaandika. Ofisini nao wakaandika hivyohivyo, wakafurahi kwamba breki zilikuwa nzima. Niko nje kwa dhamana. Kesi itasikizwa Juni tarehe 11. Wakili anasema tukishikilia hapo nitatoka. Mume wake ni mvuvi, Emuron. Wana watoto wanne.

Hakuna mtu anayejua habari ya macho ila daktari, ambaye hajaulizwa, na Wol, aliye mbali, na Lomunokol, na wewe.

Barua zangu, dada. Zichome.

Kipngeno


Kakuma,
28 Aprili 2013

Kaka,

Sijui nianze na salamu gani. Mama ni mzima. Hajaambiwa.

Tarehe nne Machi, siku moja baada ya kukuandikia, nilimwandikia mkuu wako. Kurasa mbili, jina lako, ugonjwa wako, sahihi yangu. Nikaitia kwenye bahasha, nikaibandika stempu, nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Kila Jumapili nikifungua kuimba naiona. Tarehe 17 niliimba nayo mkononi. Ingefika kwa mkuu kabla ya ile Alhamisi. Nimehesabu siku zake mara nyingi.

Juma lililopita nilipata lifti ya gari la chanjo nikaenda Kalokol. Nilimwambia Emuron mimi ni dada wa dereva. Nilidhani atanifukuza. Alinipa kiti. Alinipa chai, na mtoto wake wa mwisho akaja akalala kwenye paja langu, kwa kuwa paja lolote la mwanamke sasa linamtosha. Nilikunywa chai yote. Nikaaga, habari ya macho yako sikuigusa.

Kwa hiyo nimejua unavyojisikia, na nimejua siwezi kuishi hivyo. Barua sitazichoma. Mwezi mmoja nilikupa, na mtu akafa ndani yake. Wa pili sina. Tarehe 11 nitakuwa pale kortini. Usiposema wewe, nitasimama mimi, na nitaanza na Mei yangu kabla ya Septemba yako ya mbuzi.

Nakupenda. Nimeona niandike hilo, maana labda hutasoma tena barua yangu.

Jelagat


Gerezani, Lodwar,
23 Juni 2013

Dada yangu,

Chamgei. Hawa wameniruhusu karatasi mbili, na kwa maandishi yangu makubwa siku hizi hazitoshi kitu. Salina alikuja Jumatano na matone. Ninayatia mwenyewe. Chakula si kibaya. Nimepewa kazi ya kuchambua maharagwe, hiyo naiweza.

Ulikuwa umekaa kulia kwangu kortini, ndiyo maana nilikuona. Nilitaka ujue kwamba niliposema, sikusema kwa kuogopa kusimama kwako. Nilikuwa nimekwenda hapo nikiwa sijui nitasema nini. Lomunokol alipoapa na kuanza tena, "Mama aliruka," nilisikia watu wa Kalokol nyuma yangu wakiguna, sauti ya watu wanaomwonea mtu wao aibu. Nikasimama. Wakili akanivuta koti. Nilisema yale uliyoyasikia: hakuruka, alikuwa pembeni ya barabara mahali anapotakiwa kutembea mtu, na mimi sikuona kwa sababu sioni, na nilikuwa nimeambiwa. Mheshimiwa aliniuliza mara mbili kama naelewa ninachokisema. Miaka mitatu si mingi, Jelagat. Usiilie.

Lakini kuna jambo hukulisikia, kwa kuwa ulikuwa umetoka nje na Salina. Kabla sijashushwa, Emuron alikuja mpaka kwenye kile kizuizi cha mbao. Askari akataka kumzuia, nikasema mwache, kama ni kunipiga anipige. Hakunipiga. Aliniambia kwa Kiswahili, polepole, ili nielewe.

"Miezi tatu mimi nagombana na yeye. Nasimama kwa kaburi nauliza, wewe mwanamke, ulikimbilia gari kwa nini, watoto umeachia nani. Hata jina yake nilikataza watoto wasitaje kwa nyumba. Sasa wewe unasema alikuwa kando."

Nikasema, "Alikuwa kando."

"Kando kabisa?"

"Kando kabisa."

Angenitukana ningejua la kufanya na tusi. Alikaa chini pale sakafuni, mtu mzima, akaanza kumwita, Aregae, Aregae, kwa sauti ndogo, kama mtu anayebisha mlango wa mtu aliyemkosea. Askari akanishika mkono tukashuka. Nilimsikia mpaka ngazi ikaisha.

Nilimwua mara moja kwa lori, halafu nikamwacha alale pale miezi mitatu na kosa langu juu yake. Hilo la pili halikuandikwa kwenye mashtaka. Nakuandikia wewe.

Karatasi inakwisha. Chepkorir ana miaka ishirini na moja na hajapimwa macho. Mimi sijamwambia, Salina anaogopa kumwambia, na wewe najua unatafuta maneno mazuri. Usiyatafute. Nenda chuoni kwake juma hili, umtoe darasani ikibidi, umpeleke.

Kakako,
Kipngeno